Leo Angetimiza Miaka Mingapi? Mwongozo Kamili wa Kuwakumbuka Wasanii Waliotutoka, na Wale Waliotutesa

Kila tarehe 19 Oktoba simu yangu huamka kabla yangu. Picha ni ile ile, mwimbaji wa Uganda Philly Bongoley Lutaaya na gitaa lake, na chini yake mtu ameandika, "Heri ya kuzaliwa, gwiji." Ikifika mchana picha imeshafunikwa na ubishi wa mpira, na jioni hakuna anayeitafuta tena. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1989 alirudi kutoka Sweden akasimama mbele ya nchi nzima na kusema ana Ukimwi, wakati ambapo sisi tulikuwa tukiuita "silimu" kwa kunong'ona na kuhama kiti mgonjwa alipokaa. Wapo waliosema anadanganya ili apate fedha. Akazunguka mashuleni na makanisani akieleza, mwili ukipungua mbele ya macho ya watu, mpaka alipofariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Mtu kama huyo anastahili zaidi ya picha moja.

Mimi na wenzangu tunaishi Walukuba, Jinja, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Watu walitoka kila pembe ya Uganda na ng'ambo ya mpaka, wakaelewana kwa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiandaa jioni za kumbukumbu katika siku za kuzaliwa za waimbaji na waigizaji waliokufa. Baadaye tulilazimika pia kujifunza la kufanya na majina mengine, yale ambayo ukiyataja mzee mmoja anasimama na kuondoka. Haya ndiyo tuliyojifunza, hatua kwa hatua.

Anza na tarehe

Usiiamini tarehe mpaka uithibitishe. Katika mwaka wetu wa pili tulitundika bango la mpiga gitaa mmoja wa hapa mjini, likiwa na tarehe ya kuzaliwa tuliyoikuta kwenye intaneti. Dada yake mkubwa akaja, akakaa mstari wa mbele, akalitazama bango kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Wanangu, mwaka huo mama yetu alikuwa bado hajaolewa." Tulilishusha bango mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hatuchapishi kitu bila vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana.

Chanzo cha kwanza ni daftari la ubatizo, kama marehemu alibatizwa akiwa mchanga. Parokia nyingi za zamani zimeyatunza, na mara nyingi tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kando ya tarehe ya ubatizo. Omba kwa barua, uandamane na mtu wa familia. Chanzo cha pili ni daftari la shule ya msingi. Cha tatu ni magazeti: tanzia husema mtu amefariki akiwa na umri gani, nawe unatoa hesabu na kulinganisha. Maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere ina magazeti ya zamani ya Uganda, na asubuhi moja pale itakuokoa na makosa ya mwaka mzima.

Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe, ila hiyo haina maana kwamba hawana alama. Bamasaba wa Mbale hufanya tohara ya imbalu katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila mwaka wa imbalu una jina lake. Ukijua mzee alitahiriwa mwaka gani na alikuwa kijana wa umri gani, umekaribia. Majina nayo yanasema. Okot kwa Waacholi, kama Okoth kwa Wajopadhola wa Tororo, ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Othieno alizaliwa usiku. Kato ni pacha wa pili wa kiume kwa Baganda, kwa hiyo ukimkumbuka mwigizaji Kato Lubwama, aliyefariki Juni 2023, jina lake peke yake linakuambia kuna pacha wa kwanza, Wasswa au Babirye, katika siku hiyo hiyo ya kuzaliwa. Familia za Kiislamu mara nyingi hukumbuka mwezi wa Kiislamu: "Alizaliwa mfungo wa Ramadhani, mwaka wa mafuriko." Mwulize mzee mafuriko yapi, halafu tafuta mwaka wake.

Tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee itilie shaka. Mara nyingi iliandikwa na karani aliyetaka kujaza nafasi.

Ukibaki na mwaka peke yake, tumia mwaka peke yake. Ukiandika "Elly Wamala, aliyezaliwa 1935 na kufariki 2004" hakuna atakayekulaumu. Kubuni siku na mwezi ili bango lipendeze ni kumdanganyia mtu asiyeweza kujitetea.

Nenda kwa familia kabla ya kwenda kwa mchapaji

Msanii ni wa watu wote jukwaani, ila kaburi lina wenyewe. Kwa Baganda mtafute musika, mrithi aliyesimikwa siku ya kuhitimisha matanga, kwa sababu ndiye anayeongea kwa niaba ya nyumba. Kwingine atakuwa kaka mkubwa au mjane. Nenda na sukari na sabuni, usiende na kamera. Kaa, pokea chai, sema shida yako bila haraka.

Uliza mambo matatu. Je, wanapenda siku hiyo ikumbukwe hadharani? Wao nyumbani walimwita jina gani? Na jambo gani wasingependa lisemwe? Jibu la swali la tatu ndilo litakalokuonyesha ulikuwa ukiingia wapi. Tumewahi kwenda kwa mjane tukiwa na mpango wa kusimulia ajali iliyomuua mumewe. Akatuomba tuseme tu kwamba alifariki njiani, maana mtoto wao wa mwisho hakuwa ameambiwa mengine. Tulifuta kurasa mbili nzima.

Ikiwa familia ni ya Kiislamu, wapo ambao hawaadhimishi siku za kuzaliwa hata za walio hai, sembuse za waliokufa. Usibishane nao. Wakisema wanataka khitma, leteni wasomaji, mchango wa pilau na ukimya, na muziki uhamie siku nyingine na mahali pengine.

Fedha zisikuchafulie jina. Hii si matanga, kwa hiyo usiombe mabugo, maana mabugo ni ya msiba na watu walishayatoa siku ya maziko. Mkichangisha, namba ya simu inayopokea iwe ya mtu aliyeteuliwa na familia, na daftari la michango lisomwe hadharani usiku huo huo, hata kama ni shilingi elfu mbili mbili.

Chagua maneno

Watu huona hatua hii ni ndogo. Kwangu ndiyo inayoamua kama jioni ni ya heshima au ya kelele.

Usimwambie aliyekufa "Heri ya kuzaliwa." Kiswahili kimetupa -nge- kwa kazi hii hasa: "Leo angetimiza miaka." Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951, kwa hiyo mwaka 2026 angetimiza miaka 75. Silabi ile moja imebeba kila kitu ambacho hakikutokea, yaani nyimbo ambazo hakuzirekodi na wajukuu ambao hakuwapakata. Soma sentensi hiyo polepole kwenye maikrofoni, kisha nyamaza kidogo. Utaona watu wanavyoinamisha vichwa.

Kisha pima majina ya heshima. "Marehemu" asili yake ni aliyerehemiwa, ndani yake kuna dua. "Hayati" tumezoea kuwapa viongozi tunaowaenzi. Na "kuenzi" si sawa na "kukumbuka": kukumbuka unaweza kumkumbuka hata aliyekuchomea nyumba, ila kuenzi ni kutunza kitu kwa upendo. Kwa mwimbaji, tumia maneno yote hayo kwa moyo mweupe. Kwa mtu aliyeua, mtaje kwa jina lake tu. Sisi husema "Idi Amin", basi, bila hayati na bila cheo chochote katika vile alivyojipachika. Siku moja mshereheshaji wetu aliteleza akasema "hayati Amin", na mama mmoja ambaye kaka yake alichukuliwa mwaka 1972 na hakurudi akauliza, "Na kaka yangu mtamwitaje?" Swali hilo ndilo lililotufundisha hatua hii.

Nyimbo: chache, nzima, na zilizoelezwa

Piga tano. Kumi ni nyingi. Mkipiga vipande vya dakika moja moja mtageuza jioni kuwa tangazo la biashara. Wimbo wa kadongo kamu, mtindo wa Baganda wa mwimbaji na gitaa lake, ni hadithi, una mwanzo na mgogoro na mwisho, na ukiukata katikati umemkata msimulizi ulimi. Prince Job Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, aliimba "Walumbe Zaaya", wimbo wa kifo. Asiyejua kwamba Walumbe ni Kifo mwenyewe katika masimulizi ya Baganda, ndugu yake Nambi aliyeolewa na Kintu, atausikia kama gitaa zuri tu. Kwetu msomaji mmoja husimama kabla ya wimbo na kueleza kwa Kiswahili, kwa dakika tatu hivi: nani anaongea, anamwambia nani, mstari upi usikilize. Usifasiri kila neno. Fasiri ule mstari ambao mwenye lugha yake humtoa machozi.

Tafuta rekodi ya kwanza, iliyo karibu zaidi na siku ilipoimbwa, uache zile zilizoongezewa ngoma miaka ya karibuni. Waulize wenye vibanda vya kaseti vya zamani, madereva wa malori, na mama zetu, maana kaseti nyingi ziko chini ya vitanda. Ukipata kaseti iliyokaa miaka mingi, usiibonyeze tu ukasikiliza. Izungushe kwanza taratibu kwa kalamu mpaka mwisho na kuirudisha, ili utepe ulioshikamana uachane, halafu rekodi moja kwa moja kwenye kompyuta mara ya kwanza kabisa unapoicheza, kwa sababu huenda isiwepo mara ya pili. Makerere pia kuna hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, mtafiti aliyerekodi muziki wa Uganda kabla ya uhuru. Kwa ngoma na nyimbo za vijijini hapana mahali bora pa kuanzia.

Kuhusu haki: sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inailinda kazi katika maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi za Lutaaya bado zinalindwa mpaka mwaka 2039. Ukipiga muziki hadharani, hasa ukiweka kiingilio, wasiliana na UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya wasanii. Fedha hiyo ni ya mjane na watoto. Itakuwa ajabu kumlilia baba yao jukwaani huku mkiwanyima.

Jioni yenyewe

Sisi hutumia kibanda cha video, kwa sababu kina viti, spika na giza. Kabla ya kukikodi tazama ratiba ya ligi ya Uingereza, maana mwenye kibanda hawezi kufukuza mashabiki wa Arsenal kwa ajili ya mwimbaji aliyekufa, na mkipangiana muda mmoja mtashindwa nyinyi. Mpe taarifa mapema mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na kama mtakuwa nje au wengi, fikeni kituo cha polisi na barua. Aprili na Oktoba ni miezi ya mvua, kwa hiyo turubai si anasa. Jenereta liwe na mafuta, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote ila hilo jenereta.

Saa mbili zatosha. Anza na jina lake kamili, la nyumbani na la jukwaani, na tarehe zake. Halafu wimbo ambao kila mtu anaujua, ili watu waimbe na hofu iwatoke. Baada ya hapo mtu aliyemfahamu kwa karibu aongee dakika kumi. Mtangulie kwa kumhoji siku moja kabla, ujue hadithi zake, ili akipotea njia umrudishe taratibu: "Mzee, ulikuwa umeanza kutuambia kuhusu ile gitaa." Kisha wimbo usiojulikana sana. Kisha maisha yake magumu, kama yapo na familia imeridhia. Katika jioni ya Lutaaya hapa ndipo tunapopiga "Alone", wimbo uliogeuka sauti ya watu wanaoishi na virusi, na mtu wa mtaani kwetu anayeishi navyo husimama kusimulia kuhusu dawa anazomeza kila siku, dawa ambazo Lutaaya hakuzipata. Mwaka mmoja mhudumu wa afya alikuja na vifaa vya kupima, akakaa nyuma ya kibanda, na watu walipanga foleni kabla wimbo haujaisha. Sijaona kumbukumbu iliyo bora kuliko foleni ile.

Keki? Mimi siikati. Keki hukatwa na mwenye siku yake. Familia ikitaka iwepo, tunawapa watoto wa marehemu wakate nyumbani kwao, bila maikrofoni. Hadharani tunagawa chai na mandazi.

Sasa majina mazito

Wapo wanaoniuliza kwa nini Idi Amin atajwe hata kidogo katika jioni zetu. Nawajibu kwamba anatajwa tayari. Kila mwaka picha zake husambaa kwenye simu za vijana, akicheza akodiani, akiogelea, akibebwa na Wazungu kwenye kiti, na vijana wanacheka. Wamezaliwa baada ya kila kitu. Tukinyamaza, mwalimu wao atakuwa ile picha.

Kanuni ya kwanza tuliyojiwekea ni kwamba hatufanyi siku ya kuzaliwa ya mtu aliyeua watu. Kwa Amin ni rahisi zaidi kwa sababu tarehe yenyewe haina uhakika: wengine husema alizaliwa Koboko mwaka 1925 hivi, wengine husema Kampala mwaka 1928, na hakuacha kitabu cha maisha yake. Ukiona mtu ameandika siku na mwezi kwa kujiamini, mwulize ameipata wapi. Kinachojulikana ni kwamba alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, akaangushwa Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na akafia Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, bila kufikishwa mahakamani.

Kanuni ya pili: tafuta tarehe ya waliouawa, simama hapo. Tarehe 16 Februari 1977 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Yeyote anayetaka kuongea kuhusu Amin, aongee siku hiyo. Hali kadhalika Joseph Kibwetere wa Kanungu, aliyeongoza kundi la dini lililowaangamiza mamia ya wafuasi wake kwa moto tarehe 17 Machi 2000: siku ya kukumbuka ni hiyo ya Machi, na wa kukumbukwa ni wale waliofungiwa ndani.

Kanuni ya tatu ni kutaja watu kwanza, hesabu baadaye. Idadi ya waliouawa chini ya Amin ni makadirio. Takwimu inayotajwa sana ni 300,000, yapo makadirio ya chini na ya juu zaidi, na ni uungwana kusema hivyo. Namba kubwa haina uso. Taja Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, aliyekamatwa mahakamani Kampala Septemba 1972. Taja Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyetoweka mwaka huo huo. Hapa Jinja taja Mto Nile, kwa sababu miili ilitupwa humo, na wapo wazee ambao kwa muda mrefu hawakula samaki.

Picha zina mtego wake. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kamwokya, lilionyesha picha za serikali ya Amin zilizotokana na hazina ya negativu 70,000 hivi iliyokutwa katika shirika la utangazaji la taifa. Wapiga picha wa serikali walipiga mikutano, sherehe, na mikono ikipungwa. Mateso hawakuyapiga. Waandaaji wakalazimika kuweka pia picha za waliouawa, ili ukuta usimwimbie mtesaji. Fanyeni vivyo hivyo: kila picha ya mtu wa sifa mbaya iwe na picha ya mtu aliyeumizwa naye kando yake, ya ukubwa ule ule. Kama hamna picha ya pili, msitumie ya kwanza.

Ushahidi wa wazee upokeeni kwa adabu. Asilazimishwe mtu. Akianza kutetemeka, mshereheshaji asimwambie "jikaze". Amshike mkono, amkalishe, apewe maji, na wimbo wa taratibu upigwe. Vijana wakiuliza, "Lakini si ndiye aliyewapa Waafrika maduka?" wasizomewe. Wajibiwe kwa mambo yaliyotokea: Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka, maduka yakagawiwa, na wazee wa Walukuba watawaambia wenyewe jinsi viwanda vya Jinja vilivyodorora na sukari ikawa kitu cha kupangia foleni katika mji unaopakana na mashamba ya miwa ya Kakira.

Mlinde pia asiyehusika. Mtu wa West Nile, upande wa kwao Amin, Mkakwa au Mnubi, aliyekaa katika kibanda chako hakutia saini amri yoyote. Baada ya Amin kuanguka, watu wa huko walilipizwa kisasi, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali iliyofuata. Jioni inayozungumzia Amin bila kuitaja Ombaci imeacha nusu ya kilio nje ya mlango.

Na lipo jambo letu sisi, wenye lugha hii. Uganda, Kiswahili kilisikika kwa wengi mara ya kwanza kizuizini, kinywani mwa askari. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Baadaye, katika utawala wa pili wa Obote, maneno mawili ya kawaida kabisa, "panda gari", yakawa jina la misako ya kuzoa watu mitaani. Nimekua nikiipenda lugha hii, ndiyo niliyolelewa nayo. Ila nikiongea na bibi wa Luwero, kulikopiganwa vita vya wakati huo, nikamwona amekaza mabega, najua anamsikia nani. Kwa hiyo jioni za namna hii huzifungua kwa kusema hilo wazi, na kama mzee anapenda kutoa ushahidi wake kwa Luganda, Lusoga au Kiacholi, mtu wetu humfasiria. Kumlazimisha asimulie mateso yake kwa lugha aliyotesewa ni kumtesa upya.

Wapo ambao hawakai upande mmoja. Alice Auma, aitwaye Lakwena, alifariki Januari 2007 katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Aliwaongoza vijana wa Acholi waliopakwa mafuta wakiamini risasi hazitawapata, mpaka wakashindwa karibu na hapa Jinja mwaka 1987. Kuna waliomjua kama mponyaji, na kuna mama waliopoteza wana. Msipige kura nani yuko sahihi. Wapeni pande zote mbili muda sawa, na msipige muziki kabisa.

Msanii na mtesaji katika usiku mmoja

Siku moja mambo haya mawili yatakutana, na hapo ndipo utakapopimwa. Mwimbaji Geoffrey Oryema alizaliwa tarehe 16 Aprili 1953. Baba yake, aliyemfundisha kupiga nanga, ala ya nyuzi ya Waacholi, ndiye yule waziri Erinayo Oryema aliyeuawa pamoja na Luwum. Mwaka 1977, akiwa kijana wa miaka 24 hivi, Geoffrey alitoroshwa nje ya nchi akiwa amejificha kwenye buti la gari. Akaishi Ufaransa, akaimba kwa Kiacholi na Kiswahili mbele ya dunia, na akafia huko Juni 2018. Huwezi kuadhimisha kuzaliwa kwake bila kumtaja aliyemfanya mkimbizi.

Sisi tulifanya hivi. Nusu ya kwanza ilikuwa yake peke yake: utoto, nanga, sauti. Jina la Amin halikutajwa kwa saa nzima. Kisha taa zilizimwa, msomaji akasoma tarehe 16 Februari 1977 na majina matatu, na baada ya majina akasema kwa sentensi moja serikali ya nani iliwaua. Sentensi moja tu. Baada ya hapo ukarudi wimbo, taa zikiwa bado zimezimwa. Mtesaji apewe nafasi inayotosha kueleza jeraha, isizidi.

Kwa Byron Kawadwa kipimo ni hicho hicho. Alikuwa mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa National Theatre pale Kampala. Mwaka 1977 alikwenda na kundi lake kwenye tamasha la sanaa la FESTAC huko Lagos, na muda mfupi baada ya kurudi alichukuliwa na watu wa usalama akauawa. Mkimkumbuka, onyesheni kipande cha kazi yake, hata dakika kumi, kwa waigizaji wa mtaani. Watu wakishacheka na kupiga makofi ndipo waambieni alivyokufa. Wakiambiwa kifo kwanza watamhurumia bila kumjua.

Baada ya wageni kuondoka

Rekodi kila simulizi, kwa ruhusa, na nakala iende kwenye fleshi mbili: moja kwa familia, moja kwenu. Andika kwenye daftari nani alisema nini, na ni marekebisho gani ya tarehe yaliyoletwa. Daftari letu lina majina ambayo sasa hayana tena mtu hai wa kuyaeleza.

Halafu tazama mbele. Okot p'Bitek, mshairi, mwimbaji, mchezaji mpira aliyekwenda Uingereza na timu ya Uganda mwaka 1956, alizaliwa Gulu tarehe 7 Juni 1931. Mwaka 2031 angetimiza miaka 100. Aliyekuwa na miaka 25 Okot alipofariki mwaka 1982 atakuwa na miaka 74 siku hiyo, na watu wa rika la Okot mwenyewe hawatakuwepo. Ukiwa Gulu, au Kampala, au Kisumu alikofundisha akiwa uhamishoni, na unamjua mzee mmoja aliyemsikia akiimba, usingoje bango. Nenda Jumamosi hii na sukari kilo mbili, ukae, umwulize.